Fisadi wa India azomewa Kampala, wa nyumbani hana filamu

NA MWANDISHI WETU, Kampala

Wafanyabiashara wanaopitia Kampala wakielekea Busia, Malaba, Mutukula au Arua wanavijua vibanda vya video vya jiji hili kuliko wanavyoyajua majumba yake ya makumbusho. Basi likichelewa, au mzigo ukiwa haujafungwa, mtu hulipa kiingilio kidogo, huketi kwenye benchi la mbao na kuua saa tatu nne ndani ya giza. Simu za mkononi na flashi zimepunguza idadi ya vibanda hivyo, na vingine siku hizi huishi kwa mpira wa Uingereza zaidi kuliko kwa filamu. Hata hivyo, pitia Kisenyi, Katwe au Nateete jioni yoyote, utasikia bunduki za filamu zikilia nyuma ya pazia.

Kinachokifanya kibanda cha Kampala kiwe tofauti ni VJ. Huyu ni mtu mwenye maikrofoni ambaye hupunguza sauti ya filamu na kuisimulia kwa Kiluganda, awe amekaa pale pale ukumbini au sauti yake iwe imekwisha kurekodiwa juu ya picha. VJ Jingo na wenzake wamejijengea majina makubwa kuliko waigizaji wengi wa nyumbani. Kwa upande wa Kenya kazi hiyo anaifanya DJ Afro kwa Kiswahili cha mitaani, na Watanzania wanaoviita vibanda vyao "vibanda umiza" nao wana wasimuliaji wao. Kwa hiyo msomaji anayevuka mpaka kila wiki anaweza kuikuta filamu ile ile ya Kihindi ikichekesha kwa namna moja Busia ya Kenya na kwa namna nyingine kabisa Busia ya Uganda.

VJ hatafsiri neno kwa neno. Akiona jambazi ameshuka kwenye gari jeusi, atakwambia gari hilo limenunuliwa kwa fedha za barabara ipi. Akiona polisi mnene, atataja kizuizi ambacho kila dereva wa lori anakifahamu. Filamu ni ya wenyewe huko ng'ambo, lakini maneno ni ya hapa.

Ndivyo nilivyoitazama sehemu ya pili ya KGF, katika kibanda kimoja cha Kisenyi, nikiwa na wasafiri waliokuwa wakisubiri basi la usiku la Arua. Filamu hiyo ilitoka Aprili 2022 na imetengenezwa kwa Kikannada. Usidhani mhariri amekosea kuandika Kanada. Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ambako mji mkuu ni Bengaluru, na wanaoizungumza kama lugha ya mama ni zaidi ya milioni 40. Kwa miaka mingi filamu za lugha hiyo hazikuvuka mipaka ya jimbo lake. KGF ndiyo iliyovunja ukuta huo. Iliongozwa na Prashanth Neel, mchezaji mkuu ni Yash, na iliingiza zaidi ya rupia bilioni 12 duniani kote. Nakala tuliyoiona ilikuwa imekwisha kuwekewa maneno ya Kihindi, VJ akayafunika kwa Kiluganda, nami nikawa namnong'oneza kwa Kiswahili mama mmoja wa Bunia aliyeketi kushoto kwangu akiwa na furushi la vitenge mapajani.

Kifupi cha kisa ni hiki. Rocky, mtoto wa mama fukara aliyemwapia mamaye kwamba atakufa tajiri, ameuteka mgodi wa dhahabu ambako watu walikuwa wakifanyishwa kazi kama watumwa. Herufi KGF zinasimama kwa Kolar Gold Fields, na mgodi huo ulikuwapo kweli: Waingereza waliuendesha tangu miaka ya 1880, ukafungwa mwaka 2001. Katika filamu, nyuma ya dhahabu wapo wafanyabiashara wakubwa, na nyuma ya wafanyabiashara wapo wanasiasa. Rocky naye si malaika. Ni jambazi anayepigana na majambazi waliovaa vizuri zaidi.

Kuna mahali ambapo vyombo vya dola vinakamata kipande kimoja tu cha dhahabu yake, gramu 400, na kukifungia katika kituo cha polisi. Rocky anakwenda mwenyewe kukichukua. Anakuja na bunduki kubwa ya rashasha, anakitoboa kituo chote mpaka kinabaki chekeche, kisha anawasha sigara kwenye mtutu uliokuwa mwekundu kwa moto. Kibanda kizima kilisimama. Mama wa Bunia, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akisinzia, alipiga kofi kwenye furushi lake na kusema, "Huyo anajua kukomboa mzigo, mwanangu!" Sikuhitaji kumuuliza alikuwa anafikiria kituo gani. Kila mtu mle ndani alikuwa na kituo chake: pale alipoambiwa stakabadhi ina kasoro, akaachiwa alale nje siku tatu na viazi vyake, na mwishowe kasoro ikaondoka kwa kitu kidogo.

Baadaye likaja tukio lililonifanya niandike makala hii. Rocky anasafiri mpaka Delhi, anaingia ndani ya Bunge, na mbele ya waziri mkuu na wabunge wote anampiga risasi mwanasiasa aliyekuwa akizivuta kamba za biashara yote ile. VJ, aliyekuwa amesema bila kupumua kwa zaidi ya saa mbili, alinyamaza. Aliacha picha iende yenyewe. Na ukimya huo ukajazwa na watazamaji. Majina yaliyotajwa gizani mle siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa gazeti lina wakili na mimi nina watoto, lakini hayakuwa majina ya Kihindi.

Nikajiuliza: dhahabu, wanasiasa, Bunge. Mbona kisa hiki tunacho hapa hapa, tena cha kweli, na hakuna aliyekitengenezea filamu?

Msomaji aliyezaliwa baada ya 1986 huenda hajakisikia. Mwanzoni mwa 1966 mbunge mmoja wa Kabaka Yekka, Daudi Ocheng, Mwacholi aliyewakilisha Mityana huko Buganda, alisimama katika Bunge la Uganda akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa nakala ya akaunti ya benki. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, ofisa mmoja wa jeshi aliyeitwa Idi Amin alikuwa ameingiziwa paundi zipatazo 17,000 katika kipindi kisichofika mwezi mmoja, mwaka 1965. Mshahara wa kanali haukukaribia hata kidogo fedha hizo. Ocheng alidai zilitokana na dhahabu na pembe za ndovu kutoka mashariki mwa Kongo, ambako waasi wa Simba walikuwa wakipigana na serikali ya Leopoldville na kusaidiwa kwa siri kutoka Uganda. Pamoja na Amin, aliwatuhumu Waziri Mkuu Milton Obote na mawaziri wawili, Felix Onama na Adoko Nekyon. Wote walikanusha.

Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, Bunge lilipitisha hoja ya kutaka Amin asimamishwe kazi na uchunguzi ufanyike. Ni mbunge mmoja tu, John Kakonge, aliyeipinga. Tume iliundwa. Lakini tarehe 22 Februari, kikao cha baraza la mawaziri kikiendelea Entebbe, polisi waliingia na kuwakamata mawaziri watano: Grace Ibingira, Balaki Kirya, Emmanuel Lumu, George Magezi na Mathias Ngobi. Siku mbili baadaye katiba ilisimamishwa. Amin, badala ya kwenda likizo, alipandishwa akawa mkuu wa jeshi. Mei 24 wanajeshi wake waliishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka Mutesa, naye akaruka ukuta na kukimbilia uhamishoni, ambako alifariki mwaka 1969. Ocheng mwenyewe aliugua na kufariki mwanzoni mwa Juni 1966, wiki moja hivi baada ya shambulio hilo. Miaka mitano baadaye, Januari 25, 1971, yule ofisa wa akaunti ya benki alimpindua waziri mkuu aliyemkinga.

Ukiandika kisa kama hicho kwa Kikannada, watakwambia umezidisha chumvi.

Sisi tuliokulia uhamishoni Nairobi tulimwona Amin kwenye sinema kabla hatujaiona Kampala kwa macho. Mwaka 1981 Sharad Patel, mtengenezaji filamu wa Kenya mwenye asili ya India, alitoa "Rise and Fall of Idi Amin", na Mkenya Joseph Olita akamwigiza Amin sawasawa mpaka watoto wakamwogopa. Mwaka 2006 ikaja "The Last King of Scotland", iliyopigwa hapa hapa Uganda, na Mmarekani Forest Whitaker akapata Oscar. Katika filamu hizo Amin ni zimwi. Anacheka, anaua, ana vichwa vya watu kwenye jokofu. Amin wa jokofu tunaye, tena mara mbili. Amin wa karatasi ya benki hayupo. Na kwa maoni yangu huyo wa pili ndiye anayetisha zaidi, maana zimwi huja mara moja katika karne, ilhali ofisa mwenye akaunti isiyolingana na mshahara wake unaweza kumkuta asubuhi ya leo akinywa chai.

Sababu za ukimya huo si za kutafuta mbali. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya kuigiza na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, aliandika "Oluyimba lwa Wankoko", kisa cha ufalme wa kuku na wanaogombea madaraka ndani yake. Kuku, msomaji. Mwanzoni mwa 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC kuiwakilisha Uganda, na aliporudi Kawadwa alichukuliwa na watu wa Amin na kuuawa. Nyakati zimebadilika tangu hapo, na si haki kuzilinganisha moja kwa moja. Lakini mwaka 2012 Baraza la Vyombo vya Habari lilizuia mchezo wa jukwaani ulioitwa "State of the Nation", uliozungumzia ufisadi na utawala mbaya. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aligundua kuwa mabilioni ya fedha za wafadhili, zilizotolewa kwa ajili ya kuijenga upya Uganda ya kaskazini baada ya vita, zilikuwa zimepotelea katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Nchi kadhaa za Ulaya zilisitisha misaada. Kwa hiyo habari hiyo ilikuwa magazetini kila asubuhi, ila jukwaani ilikuwa hatari.

Watengenezaji filamu wa hapa si wajinga, wanaiona mistari hiyo. Chukua Wakaliga, kitongoji cha Kampala ambako Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu yake "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 iligharimu fedha ambazo mfanyabiashara wa Busia anaweza kuzipoteza kwa siku moja mbaya, wanasema dola 200 au chini ya hapo. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu, helikopta zilichorwa kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, na VJ Emmie akaisimulia. Dunia nzima ikaitazama. Mimi naipenda filamu ile bila aibu. Lakini angalia ni nani adui: genge la Tiger Mafia. Wanajeshi wa serikali ni mashujaa, kapteni ni mwema, na jina la filamu ni swali ambalo mpaka mwisho halijibiwi. Sisemi Nabwana aliogopa. Ninasema kwamba katika sinema ya Uganda jambazi ana bastola na miwani myeusi, na ni nadra sana kumwona akiwa na tai na kalamu.

Hapo ndipo filamu ya Kihindi inapopata kazi yake Kampala. Waziri mwizi wa Delhi au Bengaluru hana ndugu Kampala, hana wakili, wala hawezi kumpigia simu mkuu wa wilaya. Unaweza kumzomea kwa kiingilio cha shilingi elfu moja. VJ anatupia neno hapa na pale, na akiulizwa atasema alikuwa anatafsiri.

Wahindi wenyewe walilianza jambo hili zamani, na lina kichekesho chake. Mwaka 1981, mwaka ule ule wa filamu ya Patel, ilitoka filamu ya Kikannada iitwayo "Antha", ya mwongozaji Rajendra Singh Babu. Inspekta mwaminifu anaingia kwenye genge kwa kuwa anafanana na jambazi mmoja, kisha anagundua kuwa wakubwa wa genge ni watu wanaoheshimiwa. Anateswa kikatili, na mkewe mjamzito naye hasalimiki. Ilizua kelele nyingi nchini kwao, na mwaka huo huo ikatengenezwa upya kwa Kihindi, akicheza Jeetendra. Mchezaji wa ile ya kwanza, Ambareesh, akawa kipenzi cha watu wanaochukia wanasiasa. Sasa sikiliza: watu hao hao wakamchagua kuwa mbunge. Mwaka 2006 akawa naibu waziri wa habari na utangazaji katika serikali kuu, na mwaka 2013 waziri wa nyumba wa jimbo. Alifariki Novemba 2018, na mwaka uliofuata mjane wake, Sumalatha, naye mwigizaji, akaingia Bungeni. Kampala inalielewa hilo bila mkalimani. Kato Lubwama alitoka jukwaani akawa mbunge wa Rubaga Kusini mwaka 2016, na Bobi Wine alitoka studio ya muziki akawa mbunge mwaka 2017, kisha mgombea urais mwaka 2021.

Pamoja na hayo, naona filamu hizi zinatudanganya mahali pamoja. Zinatuambia kwamba fisadi huondolewa na mwanaume mmoja mwenye ngumi. Ufisadi tulionao umeandikwa kwenye fomu, una mihuri na nakala tatu, na anayeufichua ni mkaguzi aliyekaa na faili mpaka macho yakamwuma. Ocheng hakuingia Bungeni na rashasha, na pengine ndiyo maana walimwogopa.

Hata faili ikifika mahakamani, si kila samaki hunaswa. Mahakama ya Kupambana na Ufisadi ilianzishwa mwaka 2008, na jaji wake wa mwanzo, John Bosco Katutsi, alikumbukwa kwa kulalamika kuwa mahakama imechoka kuwahukumu ngege huku mamba wakiachwa waogelee. Wanaouza ngege kutoka Ziwa Victoria walimwelewa kuliko mawakili. Katika kashfa ile ya Ofisi ya Waziri Mkuu, jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mhasibu, Geoffrey Kazinda. Mwaka 2023 ikaja ya mabati: maelfu ya mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya wananchi wa Karamoja yalikutwa kwa vigogo, na mawaziri watatu wakafikishwa kortini. Aprili 2025 mmoja wao, Agnes Nandutu, aliyekuwa waziri wa nchi wa Karamoja na kabla ya hapo mtangazaji maarufu wa televisheni, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa mabati 2,000. Kwenye vibanda, bati ni kitu ambacho watu wanakijua bei yake, geji yake na jinsi linavyofungwa kwenye lori. Hesabu hiyo kila mtu aliipiga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakibishana kuhusu kesi kama wanavyobishana kuhusu filamu.

Yupo pia aliyejaribu kwenda Bungeni kweli. Julai 23, 2024, mwezi mmoja baada ya vijana wa Kenya kuingia katika Bunge la Nairobi, vijana wa Kampala waliitisha maandamano kuelekea Bunge lao kupinga ufisadi. Siku tatu kabla, Rais Museveni aliwaonya kuwa wanacheza na moto. Polisi na wanajeshi waliuzingira mji asubuhi na mapema. Vijana wengi walikamatwa wakiwa na mabango tu, wengine wakipandishwa kwenye magari hata kabla ya kufika barabara ya Bunge. Katika filamu, Rocky huvuka mlango ule kwa sekunde chache.

Filamu ya Ocheng ingekuwa rahisi kuitengeneza. Haihitaji mgodi, haihitaji helikopta, wala damu ya rangi. Ukumbi mmoja, suti za miaka ya 1960, mzee mmoja wa kucheza spika, na karatasi moja ya benki. Mafundi wa Wakaliga wangeimaliza ndani ya mwezi.

Wiki iliyopita nilipita kwenye duka moja karibu na bustani ya mabasi, la kijana anayejaza filamu kwenye flashi kwa ajili ya madereva na wachuuzi wa mpakani. Nilimwomba anipe filamu yoyote ya Uganda yenye waziri mwizi ndani yake. Alipekua kompyuta yake kwa dakika kadhaa, akiuliza mwenzake, akifungua na kufunga. "Ssebo," akaniambia mwishowe, "ya Uganda sina. Lakini nina ya Wahindi, kali sana, kuna mtu anaingia mpaka Bungeni."